Mjadala: Masters ya snuka ibaki ya watu 16 wa juu tu, au irudishe nafasi za mwaliko maalum?

Mleta mada:

Wakuu habari za saa hizi. Najua wengi humu ni watu wa pool ya meza ndogo, weka hela cheza, aliyefungwa anapisha, na snuka tunaiangalia tu kwenye tv usiku watoto wakishalala. Ila kuna jambo nataka tulijadili, maana kila Januari likifika nabishana na watu na sijapata wa kunipa jibu la kunyoosha.

Kwa wasiofuatilia, Masters ni mashindano ya mwaliko, yanachezwa London, miaka mingi sasa ukumbi wa Alexandra Palace, yapo tangu 1975. Hakuna mechi za kufuzu. UK Championship ikiisha kule mwanzoni mwa Desemba wanafungua orodha ya ubora wa dunia, wanahesabu kuanzia juu mpaka wa 16, hao ndio wanaitwa na wengine mia na zaidi wanakaa nyumbani kuangalia. Orodha yenyewe inapangwa kwa hela za zawadi ulizovuna ndani ya miaka 2 kwenye mashindano yanayohesabiwa, na hela za Masters hazihesabiwi, ukibeba kombe unaondoka na pesa na heshima ila kwenye ranki husogei hata hatua moja.

Sasa angalieni hesabu. Masters ya 2025 bingwa kachukua pauni 350,000, aliyefungwa fainali 140,000, nusu fainali 75,000, robo 40,000, na yule aliyekuja akachapwa mechi ya kwanza akarudi kwao kapewa 25,000. Upande wa pili, wachezaji wa kulipwa wote waliwekewa dhamana kuanzia msimu wa 2022/23, kwamba hata ukifungwa kila mahali hutakosa pauni 20,000 kwa msimu mzima. Msimu mzima wakuu! Hapo unajilipia ndege na hoteli mwenyewe kwenda China na kurudi. Kwahiyo kufungwa mechi moja Masters kunalipa kuliko dhamana ya mwaka mzima ya mtu wa ranki ya 90.

Sisemi mashindano ni mabovu, tena kimchezo ndiyo bora kuliko yote kwa jicho langu. Nani kasahau 2024. Ronnie O'Sullivan ana miaka 48, fainali na Ali Carter, kafika 6-3 nyuma na mechi ni ya kufika 10, halafu kachukua fremu (yaani michezo midogo inayounda mechi) 7 kati ya 8 zilizofuata kamaliza 10-7. Kombe la 8 la Masters hilo, la kwanza alilibeba 1995 akiwa na miaka 19, yaani ndiye bingwa mdogo na mkubwa kuliko wote kwa wakati mmoja. Carter nilimuonea huruma kusema kweli, huyu mtu kapigana na kansa mara mbili, katinga fainali yake ya kwanza ya Masters kwa kuwatoa Judd Trump na Mark Allen, halafu anakutana na Ronnie yule yule aliyemfunga fainali za dunia 2008 na 2012. Baadae wakarushiana maneno mbele ya waandishi mpaka mambo ya kamasi yakatajwa, tuyaache.

Mwaka huo huo kulikuwa na 147 mbili, yaani pointi za juu kabisa kwa kusafisha meza bila kukosa, Ding Junhui wa China alipiga akicheza na Ronnie na bado akafungwa 6-3, na Allen akapiga akicheza na Mark Selby. Na hapa kwa Ding ndipo penye hoja yangu. Ding aliingia Masters mara ya kwanza 2004 hayupo karibu na 16 bora, kijana wa miaka 16, alipewa nafasi ya mwaliko maalum akamtoa Joe Perry. 2007 akaja tena kwa njia hiyo hiyo, akapiga 147 kwenye mechi ya awali dhidi ya Anthony Hamilton, akaenda mpaka fainali, kule Ronnie akamchapa 10-3 na dogo akalia hadharani. Zile nafasi zilifutwa zamani sasa. Swali langu: kwanini zisirudi? Ita 14 wa juu, nafasi 2 wape watu wengine kwa vigezo vinavyoeleweka. Karibuni, matusi pembeni.

Chaki ya Bluu:

Mkuu umeandika vizuri ila mimi napinga mapema kabisa. Ladha ya Masters ni kwamba hakuna mechi nyepesi. Mashindano mengine raundi ya kwanza namba 3 anacheza na namba 95, fremu 4 zinaisha unaenda kulala. Masters siku ya kwanza tu unakuta bingwa wa dunia na mtu aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Ukiweka watu 2 wa huruma umeharibu mechi 2, yaani robo ya raundi ya kwanza yote. Kwa huruma ya nini? Hao 16 hawajapewa na mjomba, wamefanya kazi miaka 2.

Mleta mada:

Kaka huruma hujaiona kwangu popote. Ding alikuwa wa huruma yule aliyefika fainali?

Chaki ya Bluu:

Ding mmoja. Nitajie wengine watano waliopewa hizo nafasi wakafika hata nusu.

Fremu ya Mwisho:

Naingilia hapo kidogo. Mnajadili kama vile watu wa nje ya 16 hawaingii kabisa, wanaingia sana tu ila kwa ajali. 2023 Yan Bingtao na Zhao Xintong walisimamishwa kwa ile kesi ya kupanga matokeo, na Yan alikuwa bingwa wa Masters wa 2021 huyo, nafasi zao wakapewa Hossein Vafaei wa Iran na David Gilbert. Vafaei kafika akamchapa Selby 6-2. Nani alisema mechi imeharibika?

Halafu 2025, Ronnie ndiye bingwa mtetezi, siku chache kabla anacheza ligi kule Leicester akafungwa na Robert Milkins, kavunja fimbo yake, kajitoa, na Masters nayo akajitoa kwa sababu za kiafya. Aliyeitwa ni Neil Robertson kwa sababu ndiye aliyefuata kwenye orodha. Robertson! Bingwa wa dunia wa 2010, ametoka kubeba English Open Septemba ya 2024, na bila fimbo ya Ronnie kuvunjika angekaa nyumbani. Mtu kashinda taji miezi minne nyuma hana kiti, halafu kuna watu wamekaa kwenye 16 miaka 2 kwa robo fainali robo fainali. Mimi kwangu kigezo kiwe hicho, aliyeshinda taji msimu huu na yuko nje ya 16 aingie. Basi.

Chaki ya Bluu:

Hayo mashindano yapo tayari, yanaitwa Champion of Champions, wanaitwa walioshinda mataji. Unataka Masters iwe nakala yake?

Msee wa Ngara:

Manze hii mada imenibamba. Mimi nacheza snuka hapa Nairobi, si pool, meza yenyewe ya futi 12, na nawaambia watu wa pool mkikuja kwa hiyo meza mara ya kwanza mtalia, mfuko ni mdogo na mpira uko mbali hadi unaomba ile fimbo ndefu ya kuegemea na hata hiyo haifiki poa. Sasa mtu anapiga nyekundu 15, kila moja anafuata nyeusi, halafu rangi zote sita, bila kukosa, mbele ya watu, na camera. Murphy alifanya hiyo 2025 kwa semi akicheza na Mark Allen, hiyo ilikuwa 147 ya sita tu kwa Masters tangu ianze. Ya kwanza ilikuwa Kirk Stevens 1984, jamaa wa Canada na suti nyeupe, akicheza na Jimmy White. Halafu Murphy kesho yake akamfunga Kyren Wilson 10-7, na Wilson ndiye alikuwa bingwa wa dunia, Murphy amekaa miaka 10 kamili tangu ashinde Masters ya kwanza 2015.

Point yangu ni hii, watu walipiga 147 ni nani? Stevens, Ding mara mbili, Marco Fu, Allen, Murphy. Kati ya hizo sita moja ilipigwa na mtu wa mwaliko maalum kwa mechi ya awali. Hiyo si ndogo buda. Chaki anasema atajiwe watano waliofika nusu, sawa, lakini ukiuliza hivyo hata kwa wale 16 wenyewe kuna wenye wanakuja kila mwaka wanatoka raundi ya kwanza na hakuna mtu anawauliza.

Bint Seif:

Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, huku snuka si mchezo wa tv, vilabu vimejaa na usiku hupati meza, Wapakistani na Wahindi ndio wanaocheza khasa. Ukitaja Mohammad Asif wa Pakistan wanasimama. Bingwa wa dunia wa wasiolipwa 2012, kisha 2019, kisha 2024, mara tatu, na mwulizeni mtu yeyote hapo London kama anamjua. Sasa mleta mada nakuunga mkono lakini nakuuliza, hizo nafasi mbili atazigawa nani? Maana ukimwachia mdhamini na mwenye ukumbi basi utamuona kijana mzuri wa sura wa Kiingereza mwenye wafuasi wengi mtandaoni, na Asif ataendelea kucheza huko huko. Na wanawake je? Reanne Evans kashinda ubingwa wa dunia wa wanawake mara 12, Mink Nutcharut na Bai Yulu wapo, hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga ukumbi ule kucheza Masters. Mnajadili 14 na 2 kama vile mnagawana pilau ya harusi, kwanza tuambiane mkono wa kugawa ni wa nani.

Mleta mada:

Dada Bint Seif hapo umenigusa penyewe. Mimi nisingemwachia mdhamini kabisa. Nafasi moja iwe ya bingwa wa dunia wa wasiolipwa, inajulikana kabisa, haina kamati wala simu ya pembeni, Asif angekuwa Alexandra Palace Januari 2025 bila kumuomba mtu. Nafasi ya pili hapo ndipo hoja ya Fremu ya Mwisho inaingia, aliyeshinda taji la ranki msimu huo na yuko nje ya 14, kama hayupo basi aliyefuata kwenye orodha. Kote hakuna binadamu anayechagua. Ubaya wa zile za zamani ni kwamba walikuwa wanachaguliwa, na mtu akichaguliwa lazima pawe na maneno.

Mzee wa Magomeni:

Vijana mnaongea kama Afrika haijawahi kuonekana pale. Masters ya 1979 ilibebwa na Perrie Mans wa Afrika Kusini, alimfunga Alex Higgins 8-4 kwenye fainali, na kituko chake ni kwamba mashindano yote hakupiga breki (pointi za mfululizo bila kukosa) hata moja ya kufika 50. Alikuwa anaingiza mpira mmoja mmoja kutoka kona za ajabu, anamuachia mwenzake balaa, anakaa. Leo mtu asiye na breki ya 50 hawamruhusu hata kushika taulo.

Chaki ya Bluu:

Shikamoo mzee. Ila Mans wa Afrika Kusini ya 1979, tunajua ilikuwa Afrika Kusini ya nani. Nisingeiweka sana kwenye hesabu zetu.

Mzee wa Magomeni:

Marahaba. Sijasema alikuwa wetu. Nimesema alitoka bara hili na akaalikwa, kwa sababu wakati ule walikuwa wanaalika. Ile ya kwanza kabisa ya 1975 walikuwa watu 10 tu, John Spencer kamfunga Ray Reardon 9-8 kwa mpira mweusi uliorudishwa mezani baada ya pointi kulingana fremu ya mwisho. Hii sheria ya 16 sio amri ya Mungu, waliiweka wao miaka ya themanini na wanaweza kuigusa.

Na la Afrika ya sasa, bingwa wa bara anapewa kadi ya kucheza na wa kulipwa miaka 2. Wamisri wamepita, Mohamed Ibrahim, na Mmorocco Amine Amiri. Wanafika kule wanakutana na hizo nauli alizosema mleta mada, wanafungwa wanarudi. Kijana wa Dar au wa Kampala hata hiyo hajaifikia kwa sababu hana meza ya kufanyia mazoezi, hapa mjini meza za snuka za futi 12 utazitafuta kwa tochi na nyingi zipo kwenye vilabu vya wenye uwezo tangu enzi za mkoloni. Kwahiyo kiti kimoja cha London hakimsaidii. Mimi nipo upande wa Chaki kwa 16, ila hela ndiyo nina ugomvi nayo.

Fremu ya Mwisho:

Hapo kwenye hela mzee fafanua, maana naona ndiyo mada halisi na tunaizunguka.

Mzee wa Magomeni:

2024 zawadi zote zilikuwa pauni 725,000. 2025 zikawa 1,015,000. Zimeongezeka karibu 300,000 kwa mwaka mmoja, laki moja nzima kaongezewa bingwa peke yake, toka 250,000 mpaka 350,000. Nani alilalamika 250,000 ni ndogo? Ronnie aliipigania kama mwehu kwa hiyo hiyo. Ile nyongeza ungeigawa kwa wale 50 wa chini kwenye kadi, kila mmoja karibu pauni 6,000. Hizo kwa mtu wa ranki ya 100 ni safari za China msimu mzima.

Chaki ya Bluu:

Mzee mimi na wewe tulikuwa timu moja dakika tano zilizopita. Hela ya Masters inatoka kwa mdhamini wa Masters na tiketi za Masters, watu wanalipa kumuona Ronnie na Trump. Huwezi kumwambia mdhamini toa hela umlipe mtu ambaye hata jina lake hulijui kwenye mashindano ambayo hachezi.

Msee wa Ngara:

Lakini buda huyo Ronnie na Trump walianzia wapi? Trump alikuwa anacheza vyumba havina watu, hakuna mtu anazaliwa namba 1. Ukikausha huko chini, miaka 10 ijayo hao 16 wako watatoka wapi? Si utabaki na wazee wale wale. Fainali ya 2024 Ronnie 48, Carter 44. Bado ni poa, lakini jiulize.

Chaki ya Bluu:

Watatoka China, wanatoka huko tayari. Zhao Xintong kafungiwa miezi 20, karudi anacheza kama asiyelipwa, kabeba ubingwa wa dunia 2025 kwa kumfunga Mark Williams 18-12. Njia ipo wazi kwa anayejua.

Fremu ya Mwisho:

Umejifunga mwenyewe hapo kaka 😂 Zhao msimu ule hakuwa na ranki yoyote. Kwa sheria yako ya 16, Januari 2025 mtu ambaye miezi minne baadae ni bingwa wa dunia hakuwa na mlango wa kuingia Masters. Yaani bingwa wa dunia mtarajiwa yuko nje, ndani kuna watu anawafunga akiwa na usingizi.

Chaki ya Bluu:

Alikuwa ametoka kwenye adhabu ya kupanga matokeo bhana! Ulitaka aalikwe kwa kadi ya harusi?

Bint Seif:

Na kwa vigezo vya mleta mada pia asingeingia, hakuwa bingwa wa wasiolipwa wala hakuwa na taji la ranki msimu ule. Tuwe wakweli.

Mleta mada:

Ni kweli asingeingia, na sina tatizo na hilo. Sijasema vigezo vyangu vitamkamata kila mtu mzuri, nimesema viache mlango nusu wazi badala ya kuufunga na komeo.

Kuna mtu kaniandikia pembeni kwamba dawa ni Masters ihesabiwe pointi. Hapana, hiyo napinga mimi mwenyewe. Ukihesabu hela za mashindano ya watu 16 kwenye ranki basi wa 17 hatawafikia mpaka anazeeka, kila Januari wenzake wanaongezewa mpaka 350,000 na yeye anaangalia. Kutohesabiwa ndiyo haki pekee iliyobaki kwa walio nje, na ndiyo inayofanya wanaocheza wacheze kwa kujiachia, hawana cha kulinda kwenye orodha. Hapo pabaki kama palivyo.

Na mzee wa Magomeni nakujibu la hela. Naona Chaki ana hoja ya mdhamini, lakini kuna njia haimgusi mdhamini wala tiketi. Hiyo 25,000 ya anayefungwa mechi ya kwanza, ilikuwa 15,000 mwaka 2024. Rudisheni 15,000, walishazoea. Watu 8 mara 10,000 ni 80,000 kila mwaka, iende kwenye dhamana ya wale wa chini.

Chaki ya Bluu:

Na nani atawaambia akina Trump warudishe 10,000? Wewe?

Mzee wa Magomeni:

Trump hata hatajua imekatwa. Mwambie yule wa 16 anayeingia kwa kubahatisha kila miaka miwili mitatu, huyo ndiye atakayekugomea, kwa sababu hiyo 25,000 kwake ndiyo inalipa pango. Mleta mada umemkata asiyestahili kukatwa, mkate bingwa.

Mleta mada:

Sawa mzee, bingwa arudi 300,000 basi, wa raundi ya kwanza nimemuacha na 25,000 yake. Chaki sema na hiyo unaipinga kwa lipi, maana hapo hakuna mtu wa huruma aliyeingia ukumbini.